Kutunga na Kusoma Ushairi wa Kiingereza cha Kila Pwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya vijana na watu wazima wa Unguja na Pemba wanaosoma ushairi wa Kiingereza, au wanaojaribu kuutunga, wakakuta kwamba Kiingereza cha kwenye mashairi mara nyingi si kile walichofundishwa skuli. Maswali nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa, mengine kwa hamaki kidogo. Penye mengi ya kusema nimesema mengi.

Kwani Kiingereza kipo zaidi ya kimoja?

Kipo, na hata huko kwao hakijapata kuwa kimoja. Mkulima wa Dorset na mkulima wa Uskoti hawasemi sawa, na kila mmoja amepata mshairi wake: William Barnes (1801–1886) alitunga kwa lahaja ya Dorset, Robert Burns (1759–1796) kwa Kiskoti. Lugha hiyo ikapanda merikebu ikaenda Karibi, Marekani, Afrika Magharibi, India na Singapuri, na kote huko ikakuta watu wenye lugha zao. Karibi ilikutana na Waafrika waliopelekwa utumwani. Kilichozaliwa Jamaika, ambacho wenyewe wanakiita Patwa, wataalamu wengi wanakihesabu kuwa lugha kamili, inayosimama kwa miguu yake.

Mtu wa visiwa hivi hana haja ya kushangaa. Toka mjini ufike Makunduchi, au vuka uende Tumbatu, au panda boti uteremke Mkoani, kisha nyamaza usikilize wazee wakizungumza wao kwa wao.

Nani aliyeamua kwamba hiki ni sanifu na kile ni kibovu?

Wenye nguvu za wakati wao. Kiingereza sanifu kimejengwa juu ya kile cha London na jirani zake kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mfalme, mahakama na wachapaji wa vitabu. Kwetu, Kiunguja cha mjini kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Si kwamba Kimvita na Kiamu havikuwa na fasihi. Vilikuwa na tenzi na mashairi ya miaka mingi. Kiunguja kilikuwa kimeshaenea kwa biashara na misafara hadi bara, na watawala walitaka lugha moja ya skuli na ofisi.

Kwa hiyo sisi tuna nafasi ya pekee katika habari hii. Mtu wa mjini Unguja amekaa upande wa London, na mtu wa Micheweni amekaa upande wa Glasgow, mji wa Uskoti. Mshairi wa Glasgow, Tom Leonard (1944–2018), ana shairi la msomaji wa taarifa ya habari ya saa kumi na mbili jioni. Msomaji huyo anaeleza, kwa lafudhi ya mtaani ya Glasgow, kwamba habari haziwezi kusomwa kwa sauti kama yenu ninyi, kwa sababu zingesomwa hivyo hakuna ambaye angeamini kwamba ni kweli. Mistari ni mifupi mifupi, maneno mawili matatu, yanateremka kama maandishi anayoyasoma mtangazaji. Kijana wa Pemba aliyewahi kuchekwa mjini kwa matamshi yake haelezwi shairi hili mara mbili. Mimi naamini analielewa kuliko wengi waliozaliwa Uingereza.

Lakini maalim, Patwa si Kiingereza kilichovunjika tu?

La. Kilichovunjika hakina utaratibu, na Patwa ina utaratibu wake. Wingi unaonyeshwa kwa kuweka *dem* baada ya jina. Wakati unaonyeshwa kwa neno dogo linalotangulia kitenzi, na kitenzi chenyewe hakibadiliki mwisho. Ina *unu*, yaani nyinyi, ambayo asili yake ni Kiigbo, wakati Kiingereza sanifu kina neno moja tu kwa wewe na nyinyi. Ukikosea kanuni hizo mbele ya Mjamaika, atajua umekosea. Kamusi kubwa ya Kiingereza cha Jamaika ilichapwa mwaka 1967, na Agano Jipya kwa Patwa likatoka mwaka 2012.

Kiingereza changu ni cha skuli. Nianze na nani?

Anza na Louise Bennett wa Jamaika (1919–2006), ambaye watu wake wanamwita Miss Lou. Naomba usianze na Burns eti kwa kuwa ndiye maarufu. Maneno yake ya Kiskoti ni mazito, na utachoka kabla hujaionja ladha. Miss Lou alitunga kwa mdomo wa mwanamke wa sokoni na kibarazani. Aliyekulia penye baraza atamsikia hata kabla hajamfahamu. Kitabu chake cha *Jamaica Labrish* kilitoka mwaka 1966, na jina hilo lenyewe lataja porojo za watu wanaopashana habari za mtaa.

Chukua shairi lake la *Colonization in Reverse*, ulisome polepole. Msemaji anamwita jirani yake, Miss Mattie, ampe habari ya furaha: Wajamaika wanamiminika Uingereza, kwa meli na kwa ndege. Jambo lenyewe ni la kweli. Meli ya Empire Windrush ilifika Uingereza mwaka 1948 na mamia ya watu wa Karibi, na baada yake wakafuata wengine wengi. Sasa tazama anachokifanya mtunzi. Hasemi popote kwamba ukoloni ulikuwa dhulma. Anasimulia umbea. Yuko Jane, amefika huko, analipwa paundi mbili kwa wiki za kutafutia kazi inayolingana na heshima yake, na kutwa yuko kwenye kochi la shangazi anasoma hadithi za mapenzi. Unacheka. Halafu, mwishoni kabisa, msemaji anajiuliza kwa sauti ya upole: hawa Waingereza wamestahamili vita, je, watastahamili kutawaliwa kwa kugeuziwa kibao? Hapo kicheko kinakukwama. Lau lingeandikwa kwa Kiingereza cha gazeti lingekuwa hotuba. Kwa Patwa ni mtu anamnong'oneza mwenzake nawe umeketi ubavuni.

Anayezijua nyimbo za Siti binti Saad anaijua njia hii. Wimbo wa Kijiti ulichukua kesi ya mauaji na hukumu iliyowaudhi watu wa mji, ukaipitisha ndani ya taarab, na kila aliyesikiliza akafahamu nani analaumiwa.

Baada ya Miss Lou nenda kwa Langston Hughes (1901–1967), Mmarekani mweusi aliyechukua mapigo ya muziki wa bluzi. Kitabu chake cha kwanza, *The Weary Blues*, ni cha mwaka 1926 na maneno yake ni mepesi. Kisha Linton Kwesi Johnson, mzaliwa wa Jamaika aliyehamia London mwaka 1963 akiwa mtoto, ambaye mistari yake huenda na besi ya rege. Kisha Arthur Yap wa Singapuri (1943–2006): ana shairi la kina mama wawili wanaojigamba kwa watoto wao kwenye uwanja wa kuchezea, chini ya maghorofa ya serikali. Mtu wa Michenzani ataliona shairi lile mbele ya macho yake. Burns mwache hadi uwe umezoea.

Maneno mengi siyajui. Nifanye nini?

Soma mara ya kwanza bila kamusi, kwa sauti, hadi mwisho. Maneno mengi yaliyoandikwa kigeni yanajulikana yakishatamkwa. Jicho halijui, sikio linajua. Mara ya pili pigia mstari yale yaliyobaki, na aghalabu ni machache kuliko ulivyodhani. Kwa Kiskoti ipo kamusi kubwa mtandaoni isiyolipiwa, *Dictionary of the Scots Language*.

Wala usione haya kutazama maana. Burns alipochapa kitabu chake cha kwanza mjini Kilmarnock mwaka 1786, aliweka faharasa ya maneno mwishoni, kwa sababu alijua kuna wasomaji wasiokijua Kiskoti.

Nilipomfikia Burns nilikuta shairi moja lina Kiingereza cha aina mbili. Ni makosa ya uchapaji?

Si makosa, na umefanya vizuri kuliona. Bila shaka ulikuwa unasoma *To a Mouse*. Mkulima anaendesha plau, analivunja shimo la panya, na panya anatoka mbio na baridi inakuja. Ubeti wa kwanza ni Kiskoti kitupu: mtu anasema na kijidudu kilichotetemeka mbele ya miguu yake. Ubeti wa pili unabadilika, unakuwa karibu Kiingereza cha vitabuni, anapoomba radhi kwamba utawala wa mwanadamu umeuvunja udugu wa viumbe. Kisha anarudi kwenye Kiskoti, kwenye majani makavu na nyumba iliyobomoka, hadi kwenye ule mstari unaonukuliwa duniani kote, kwamba mipango mizuri ya panya na ya watu mara nyingi huenda mrama.

Msikilize imamu wa kijijini kwako. Anaanza hotuba kwa lugha ya kitabu, halafu anapotaka jambo liingie moyoni anawageukia watu na lahaja ya pale pale. Burns anafanya hivyo kwa kurudi na kwenda, na kila anapobadili ujue hisia nazo zimebadilika. Ukijifunza kulisikia hilo, umepata ufunguo wa nusu ya ushairi wa aina hii.

Mizani nihesabu kama tunavyohesabu kwenye shairi letu?

Hapa pana mambo. Shairi letu la kawaida lina mizani kumi na sita katika mshororo, nane kwa nane, na kila silabi ina haki sawa. Utenzi una vipande vya mizani nane. Ukiichukua hesabu hiyo ukaipeleka kwenye Kiingereza cha London, kitakuchezea. Kule kinachobeba mshororo ni mapigo mazito. Silabi nyepesi humezwa. Mshororo wao mkongwe, pentamita, huwa na silabi kumi lakini mapigo matano, na mshairi anaweza kuongeza au kupunguza silabi bila sikio lao kulalamika. Vina navyo si kama vyetu. Sisi tunalinganisha silabi ya mwisho. Wao wanalinganisha kuanzia irabu ya pigo la mwisho na kuendelea.

Lakini Kiingereza cha Nijeria na cha Singapuri husemwa kwa silabi zinazokaribiana urefu, na Patwa nayo inaelekea huko. Maana yake ni kwamba sikio la Mswahili liko jirani na mashairi hayo kuliko lilivyo jirani na Wordsworth, mshairi wa Uingereza. Mwanafunzi anayeambiwa kila siku kwamba anasoma Kiingereza "kama anapiga ngoma" asikate tamaa. Ampelekee ngoma hiyo Linton Kwesi Johnson aone inavyokaa.

Kamau Brathwaite wa Barbados (1930–2020) aliliandika jambo hili katika *History of the Voice* mwaka 1984. Alisema kimbunga hakingurumi kwa pentamita. Akaeleza pia jinsi watoto wa Karibi, kwa kulishwa mashairi ya Uingereza, walivyoandika theluji ikianguka juu ya mashamba ya miwa, theluji ambayo hawajaiona. Huwa namsomea mtu maneno hayo kisha namwonyesha shairi la Kimbunga la Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu, na upepo wake uliofika mji wa Siyu. Watu wawili wa visiwa, bahari mbili mbalimbali, kila mmoja ametafuta sauti ya upepo wake katika maneno ya kwao.

Ukitaka zoezi, tunga ubeti wa Kiingereza wa vipande vinne, mizani nane kila kimoja, kina kimoja katika vipande vitatu vya mwanzo na cha nne chako, kama utenzi. Usibanebane maneno. Utaona Kiingereza kinapata mwendo ambao hukuutarajia.

Ninaposoma mbele ya watu, niige lafudhi ya Kijamaika?

Usiige. Soma kwa koo lako. Fuata kanuni za maneno yalivyoandikwa, heshimu mapigo, lakini usijifanye Mjamaika kwa sababu umetazama video. Anayeiga lafudhi huwafanya wasikilizaji wamtazame yeye na kulisahau shairi.

Mimi ni mzazi. Nimeona kitabu chenye jina lenye tusi. Hayo ndiyo mnayowafundisha?

Swali la haki. Linton Kwesi Johnson ana shairi na kitabu cha mwaka 1980 ambacho jina lake lina neno zito dhidi ya Uingereza. Ndani yake ni mhamiaji anayesimulia kazi zake: chini ya ardhi kwenye treni, hotelini kuosha vyombo, kuchimba mitaro, kisha kiwandani hadi uzee unamkuta na kazi imekwisha. Hakuna uchafu mle. Kuna mtu aliyechoka. Mtunzi mwenyewe mwaka 2002 alikuwa mshairi mweusi wa kwanza kuchapwa katika mfululizo wa vitabu vya Penguin Modern Classics.

Hata hivyo mtoto wa miaka kumi na mbili hana haja ya kuanzia hapo. Namna yangu ni kuwapa vijana wa sekondari shairi hilo baada ya kuwaeleza, na wadogo wapewe Miss Lou, au John Agard wa Guyana na michezo yake ya maneno. Mzazi akitaka kusoma kwanza, asome. Ni vizuri zaidi akisoma.

Nataka kutunga. Nitunge kwa Kiingereza kipi?

Kwa kile unachokisikia kila siku. Wengi wanaoniuliza hili wanadhani wana njia mbili tu: Kiingereza cha mtihani au Patwa ya kwenye rege. Lakini Kiingereza cha visiwa hivi kipo na kinazungumzwa. Kipo Darajani kwenye maduka ya vinyago na vikoi, kipo Nungwi na Paje kwenye boti za kuwapeleka wageni kupiga mbizi, wanacho mapapasi wa Mji Mkongwe, hao vijana wanaowaandama wageni kuwatembeza, ambao wamejifunza lugha nne bila kukaa darasani. Kuna watu wanawabeza. Mimi sibezi. Mtu anayeweza kumfanya mgeni acheke kwa maneno mia mbili anayajua maneno hayo kwa undani.

Tazama beti hii, ambayo nimeitunga hapa kwa ajili ya mfano tu:

*My friend, come in, the looking is free,*
*outside the sun is hot too much.*
*Yesterday no ship, today no ship,*
*the sea is go, the sea is come.*

Mshororo wa mwisho ukiupeleka skuli utarudi na wino mwekundu. Lakini usahihishe, uweke sarufi ya kitabu, uone kilichobaki: taarifa kuhusu maji kujaa na kupwa. Ulivyo sasa, mwenye duka anasema maji huenda na huja, nasi tunaisikia ile *hu-* ya Kiswahili ikipita chini ya Kiingereza chake. Na tunasikia pia kwamba hajauza kitu tangu jana. Mshororo wa pili nisingeuacha hivyo katika shairi la kweli. Jua kali ni jambo ambalo kila mtu analisema. Ningemtafutia mwenye duka jambo analoliona yeye peke yake, labda kivuli cha mlango kinavyosogea juu ya vikoi vilivyopauka upande mmoja.

Patwa waachie Wajamaika. Nasema hivyo kwa kuipenda. Lugha ya watu ina maumivu na utani ambao hukuishi, na ukiivaa bila kuuishi shairi lako litasikika tupu.

Ninaweza kutia Kiswahili ndani? Nieleze maana?

Tia, ila kwa sababu. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar aliyezaliwa mwaka 1948 akapata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, ni mwandishi wa riwaya, lakini mshairi ana la kujifunza kwake: maneno ya Kiswahili yamo ndani ya Kiingereza chake yakifanya kazi, na msomaji mgeni huyapata kwa mwendo wa kisa. Ukisimama kila mara kutafsiri, unaandika ukiwa umempa mgongo mtu wa kwenu.

Njia nyingine ni ya Okot p'Bitek wa Uganda. *Song of Lawino* aliutunga kwanza kwa Kiacholi, akautafsiri mwenyewe, ukachapwa kwa Kiingereza mwaka 1966. Aliziacha methali za Kiacholi zisimame kama zilivyo ndani ya Kiingereza. Ule usemi wa kutoung'oa mmea wa boga katika mahame ya wazee umejulikana dunia nzima bila yeye kuubadilisha kuwa wa Kizungu. Nakushauri ujaribu. Tunga ubeti kwa Kiswahili, kisha ujitafsiri mwenyewe kwa ukaidi.

Tahajia je? Niandike kama ninavyosema?

Kiasi. Ipo tahajia rasmi ya Patwa iliyotungwa na Frederic Cassidy, inayofuata sauti kwa uthabiti, lakini Miss Lou hakuitumia. Aliandika karibu na Kiingereza ili watu wasome bila kukwama. Chagua mambo mawili matatu yanayobeba sauti ya msemaji wako, yashike hadi mwisho wa shairi, mengine yaache. Ukiandika kila neno kwa matamshi, msomaji atafanya kazi ya kufumbua herufi na shairi litampita.

Nikimwandika mtu anayesema Kiingereza cha makosa, si ninamdhihaki?

Unaweza kuwa unamdhihaki, ndiyo. Nissim Ezekiel wa India (1924–2004) alitunga mashairi kadhaa kwa Kiingereza cha Kihindi, likiwemo la hotuba ya kumuaga Miss Pushpa, na hadi leo wasomaji wanabishana kama anawacheka watu wake au anawapenda. Kipimo changu ni hiki: huyo msemaji ana jambo analolijua kuliko mtunzi? Kama hana, kama yupo ili tumcheke tu, futa.

Wakiona natunga kwa Kiingereza cha mtaani, watasema sijui Kiingereza.

Watasema. Na hatari kubwa zaidi ni wale watakaokusifu kwa hicho tu.

Paul Laurence Dunbar alizaliwa Dayton, Ohio, mwaka 1872, wazazi wake wakiwa wamezaliwa utumwani. Alikuwa akiendesha lifti huku anatunga. Alitunga kwa Kiingereza sanifu na kwa lahaja ya watu weusi wa Kusini. Mwaka 1896 mhakiki mkubwa, William Dean Howells, alimsifu sana, lakini sifa zenyewe alizielekeza kwenye yale ya lahaja. Dunbar akawa maarufu, na tangu hapo wachapaji na wasomaji wakataka yale yale. Aliandika katika barua kwamba Howells amemdhuru kwa namna isiyoweza kurekebishwa. Alikufa mwaka 1906, ana miaka 33. *We Wear the Mask*, ambalo kwangu ni bora kuliko yote aliyoyatunga, liko katika Kiingereza sanifu.

Claude McKay wa Jamaika alikwenda njia ya pili. Mwaka 1912 alichapa vitabu viwili vya Patwa, kimojawapo kikitoka katika maisha yake ya uaskari polisi. Kisha akahamia Marekani, na mwaka 1919, watu weusi wakiuawa mitaani katika machafuko ya kiangazi kile, akaandika *If We Must Die*, soneti, yaani shairi la mishororo kumi na minne, ya Kiingereza sanifu kabisa, imefungwa kama ngumi. Hakuwa ameisaliti Patwa. Wakati ule alitaka kusema na watu wote kwa mara moja, akachukua chombo kilichofaa.

Kwa hiyo jifunze sanifu vizuri, ukijue barabara, ili unapokiacha ijulikane kwamba umekiacha kwa hiari.

Na kwenye mtihani?

Sanifu. Hakuna mjadala.

Hivi si bora tutunge kwa Kiswahili, tuachane na Kiingereza cha watu?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Jibu langu ni kwamba tutunge kwa Kiswahili, tena tusikomee kwenye Kiswahili sanifu. Nimeona kijana akimsoma Miss Lou, kisha anauliza kwa nini hajawahi kuandika hata ubeti mmoja kwa lugha anayozungumza na nyanya yake Makunduchi. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kusoma ushairi wa lahaja za mbali: unarudi nyumbani umekasirika kwa wema.

Na nyumbani hatuanzi na mikono mitupu. Haji Gora (1933–2021), aliyekuwa mvuvi, alitunga mashairi yanayosomwa vyuoni na pia akaandika kamusi ya Kitumbatu. BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, imechapa makamusi ya lahaja za Kipemba, Kimakunduchi na Kitumbatu. Tungo za Kamange na Sarahani, mafahali wawili wa Pemba, zimekusanywa katika *Kale ya Washairi wa Pemba*, kilichochapwa mwaka 2011. Kama Burns anasomwa kwa faharasa, Kamange naye asomwe kwa faharasa. Sioni kwa nini kijana wa Wete ahangaike na maneno ya Kiskoti na ashindwe kumuuliza babu yake maneno ya Kipemba, wakati babu yuko hai na ana hamu ya kuulizwa.

Kiingereza hatuna haja ya kukifukuza. Anayetunga kwa lugha mbili ana masikio mawili.

Tunataka kusoma pamoja kila wiki. Tufanyeje?

Watu watano wanatosha, na baraza lolote lenye kivuli baada ya alasiri linatosha. Shairi moja kwa kikao, lisizidi kurasa mbili, kila mtu na fotokopi yake ili aweze kuandika pembeni. Simu zitumike kumsikiliza mtunzi akisoma mwenyewe, kwani sauti za Miss Lou na Linton Kwesi Johnson zimerekodiwa na zinapatikana, ila pakueni mapema ili bando lisiishie katikati. Lisomeni mara tatu kabla ya mtu yeyote kulieleza, kila mara msomaji mwingine. Anayesoma asikatizwe kusahihishwa matamshi. Halafu muulizane ni nani anayesema humu ndani, anasema na nani, na kwa nini hakuweza kulisema jambo hili kwa Kiingereza cha kitabu. Nusu saa ya mwisho kila mtu aandike mistari minne, kwa Kiingereza chake au kwa lahaja yake, na aisome hapo hapo kabla hajaanza kuionea haya.